Mabadiliko Yaliyoingizwa kwa Jina la Shemeji

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, wenzangu huniita Darubini. Umri: miaka 41. Kazi: mtunzi wa programu za kompyuta. Makazi: ghorofa ya tatu, nyuma ya stendi ya mabasi.

Mimi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunajitolea katika mradi huria wa programu inayokokotoa dozi za watoto. Zahanati huichukua bure. Kwetu, mtu anayeaminika huingiza mabadiliko kwanza, mwenzake huyakagua baadaye. Mkaguzi wa shemeji ni mimi.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, saa 4:10 asubuhi, nikiwa kwenye benchi hospitalini, simu ilinionyesha mabadiliko mapya yenye jina lake. Nikajibu, "Nimeona, sawa." Sikuyasoma. Naomba iandikwe hivyo hivyo.

Saa 4:30 ndipo akili ilinirudia. Shemeji alikuwa chumba cha upasuaji tangu saa 3:00, na mimi nilikuwa mlangoni pake nikimsubiri. Nilimuuliza mkewe, aliyekaa kando yangu, "Kompyuta yake iko wapi?"

"Si iko kwa fundi tangu Ijumaa? Kwani vipi?"

Niliyafungua yale mabadiliko. Nilisoma. Mstari unaopunguza dozi kulingana na uzito wa mtoto ulikuwa umefutwa. Saa 4:41 niliurudisha, lakini zahanati mbili zilikwishachukua toleo lile. Nilipiga simu. Ya kwanza walisema hawajalifungua. Ya pili iliita mara nne bila kupokelewa. Nilikuwa natembea ukumbini huku na huku, mpaka mlinzi akaniambia nikae.

Mara ya tano muuguzi alipokea, nikamwambia napiga kutoka mradi wa ile programu ya dozi. "Dada, sema haraka, nina sindano mkononi."

"Mtoto ana kilo ngapi?"

"Saba."

"Na imekuambia umpe kiasi gani?"

Alinitajia. Ilikuwa dozi ya mtu mzima. Nilipiga kelele, "Usimchome!"

Nikasikia mtoto analia, nami nikashukuru kile kilio. Kisha muuguzi akasema, "Hata mimi nilishangaa. Ila programu yenu haijawahi kutudanganya."

Huyo fundi simjui. Aliyeingiza mabadiliko sikumwona. Shemeji alizinduka saa 8:00 mchana. Aliniuliza kama kuna jipya kwenye mradi. Nikamwambia alale.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, nayathibitisha.

Sahihi: (imetiwa)

Yamechukuliwa nami, koplo wa zamu, saa 10:20 jioni. Shahidi alipewa kiti. Alitoa maelezo yote akiwa amesimama.