Alama Nyekundu kwenye Kaa wa Mama

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za dada yako mkubwa. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la majokofu unayotengeneza? Sisi huku hatujambo, ila tuna jambo. Mimi miguu inavimba nikikaa sana kwenye cherehani. Dada yako wa kati na mumewe ni wazima. Mama bado dhaifu, lakini leo ameomba chai kabla sijamuuliza. Hilo nalisema mapema ili yaliyobaki uyasome moyo ukiwa umetulia.

Barua yako ya mwisho ilinikuta siku mbaya. Daktari alikuwa ametuambia kwamba Mama hawezi kupasuliwa akiwa amekonda vile, na akatupa miezi miwili tumpe chakula cha kumjenga mwili. Unamjua Mama. Meno hana, nyama hataki hata kuinusa, maziwa anasema yanamkaba. Kitu pekee asichokikataa ni supu ya kaa. Nikamshukuru Mungu kwamba Baba alituachia bwawa la kaa.

Nawe ukaniandikia kwamba nimwangalie sana Shemeji Kimya, kwa kuwa mtu asiyesema ana la kuficha. Ungeandika kingine chochote, mdogo wangu! Neno hilo lilinikaa kichwani nikawa nalala nalo na kuamka nalo.

Ukweli ni kwamba tangu Baba afariki hakuna anayejua yanayotendeka mabwawani isipokuwa yeye. Salamu yake ni kutikisa kichwa, kwaheri yake ni kutikisa kichwa. Miaka tisa amemuoa dada yako na sijamsikia akimaliza sentensi tatu mfululizo. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Hukuwahi kuliona bwawa la chini, Shemeji alilichimba ulipokwisha ondoka. Humo kaa wamesongamana, wanalishwa pumba na utumbo wa kuku, na wanakwenda sokoni. Bwawa la juu ni lile la Baba. Kaa ni wachache, wana nafasi, wanakula samaki wadogo na konokono kama zamani. Hao wanakwenda hotelini. Sasa nikajiuliza, yule wa Mama anatoka wapi? Alisema ni wa juu. Lakini nani alimwona?

Kaa wa kwanza aliyemleta alikuwa mdogo, mweusi, gamba limeota ukoga. Nilichukia. Nikamwambia pale pale mlangoni, mbele ya wateja wangu wawili, kwamba kuanzia siku ile Mama aletewe mkubwa kuliko wote, mwenye gamba safi linalong'aa. Akafungua mdomo. Nikamwambia sitaki maelezo. Akaufunga, akatikisa kichwa, akaondoka.

Kweli, wakaanza kuja wakubwa. Lo, wangekupendeza macho! Lakini nikiwapasua, ndani maji. Gando zima linatoa nyama ya kujaza kijiko cha chai, na ile shahamu ya manjano aliyoipenda Baba haipo kabisa. Supu ilikuwa nyeupe, ukitazama unaona chini ya bakuli. Mama alikuwa anakunywa na kunisifu. Wiki ya tatu tukampeleka kliniki, mizani ikasema amepungua kilo moja na nusu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua sasa kwamba anatuletea kaa wa pumba na kuwapeleka wa samaki kwa matajiri.

Niliamua kumtega. Siku aliyokwenda kununua pumba, nilishuka bwawa la juu na chupa yangu ya rangi ya kucha, ile nyekundu ya harusini. Nikawavuta kaa kwa kichwa cha samaki, nikawatia alama mgongoni mmoja mmoja, kumi na wawili kwa jumla. Usicheke, mmoja alinibana kidole cha kushonea nikapiga ukelele wa kuzaa. Hesabu yangu ilikuwa hii: kama Mama analetewa kaa wa juu, alama nitaiona. Nisipoiona, mwizi nimemshika.

Zikapita wiki mbili. Wakaja kaa wanne, wote wakubwa, wote wanang'aa. Alama hakuna.

Hata hivyo nikataka ushahidi wa wasomi. Nikampeleka kaa mmoja wa Mama kwenye maabara ya chuo, kwa yule mtaalamu wa lishe niliyemshonea sare, pamoja na mmoja wa bwawa la chini niliyemnunua sokoni. Akawapima, wote wawili mafuta hawana. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kaa hujengwa na anacholishwa: wa pumba hupata nyama, lakini hukosa mafuta mazuri anayoyapata yule wa samaki na konokono. La pili, hata umlishe vizuri namna gani, inategemea umemvua siku gani. Akaanza kueleza mambo ya gamba. Mimi la kwanza lilinitosha. Nilipoona anaendelea kulitetea lile gamba, nikaanza kumshuku na yeye kwamba huenda anaijua ile hoteli.

Jumatano moja Shemeji alipoleta kaa, nilimsubiri uani. Alikuwepo fundi viatu wa jirani, alikuwepo mkewe, yaani dada yako, na Mama alikuwa kwenye mkeka. Nilisema yote. Nilimwita mwizi wa mgonjwa. Nikaeleza habari ya rangi, nikamwambia anionyeshe alama moja tu, moja tu, nimwombe radhi.

Akageuka, akanipungia mkono nimfuate. Tukaenda wote isipokuwa Mama.

Akafungua lango la maji la bwawa la juu. Tulisimama pale karibu saa mbili tukitazama maji yanashuka, mimi nimeshika kiuno kama askari. Kisha akaingia kwenye tope na karai. Alipotoka akalimimina miguuni pangu. Yalikuwa magamba matupu, mepesi kama karatasi, na saba kati ya hayo yalikuwa na rangi yangu ya kucha mgongoni.

Mdogo wangu, mimi mtoto wa mfuga kaa! Mimi niliyefundishwa na Baba kabla sijajua kusoma kwamba kaa akikua huliacha gamba lake kama mtoto anavyoiacha nguo iliyombana! Alama yangu niliipaka kwenye nguo, na mwenye nguo alikwisha badili.

Akarudi matopeni akaleta kaa watano walio hai. Hao alama wanayo. Wadogo, weusi, magamba yana ukoga. Akanipa mmoja nimshike, akawa mzito kama jiwe la mizani. Ndipo Shemeji Kimya akasema maneno mengi kuliko aliyosema siku ya ndoa yake.

"Dada, kaa mwenye gamba jipya ni mkubwa, anang'aa, lakini ndani maji. Anahitaji wiki tatu, nne ajae. Hawa niliowalisha vizuri ndio wanaokua upesi, ndio wanaojivua upesi. Yule mdogo mchafu niliyemleta siku ya kwanza ndiye aliyejaa. Ukataka mkubwa, safi. Nilitaka kukueleza. Ukakataa."

Dada yako akamshika mkono wakaondoka. Fundi viatu alijifanya anatazama mawingu.

Kwa hiyo elewa vizuri ninachokuandikia. Wiki tano Mama alikunywa maji kwa amri yangu. Kaa walikuwa wa juu, walilishwa samaki na konokono, na aliyewachagua wabaya ni mimi, kwa kuogopa kupunjwa. Nimelia mpaka nimeharibu gauni la mteja.

Nilikwenda kumwomba radhi siku ya tatu, mikono nyuma kama mwanafunzi. Akatikisa kichwa. Kisha akaniomba kitu, nikadhani anataka niondoke. Alitaka ile chupa ya rangi. Sasa kila kaa akishajivua, anamtia nukta. Baada ya wiki nne, yule ambaye nukta yake bado ipo ndiye anayekuja kwa Mama. Supu siku hizi ina rangi, ina mafuta, inanata mdomoni. Daktari alituongezea wiki tatu. Alhamisi iliyopita mizani ilipanda kilo mbili, na amesema kama itaendelea hivi atampasua tarehe ishirini na tano. Tuombee sana.

Nawe usijifiche nyuma ya bahari. Neno lilitoka kwako, mimi nilililea tu. Mwandikie Shemeji barua kwa jina lake, usipitishe salamu kwangu.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Dada yako wa kati anakusalimu; mimi bado ananisalimu kwa adabu, jambo ambalo si kawaida yake. Fundi viatu anauliza kama huko viatu vinapasuka kama huku. Mungu akulinde kazini na akurejeshe ukiwa na afya utukute sote, Mama akiwemo.

Jana nilimpokea kaa wa leo. Nukta ipo mgongoni, nyekundu, ameipaka kwa uangalifu kuliko mimi. Nikamshukuru Shemeji, nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nikafunga mlango, nikamgeuza yule kaa, nikambonyeza tumbo. Alikuwa mgumu, amejaa hadi ukingoni. Nikamweka chini taratibu, na nikaona haya ingawa hakuna aliyeniona.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mshona nguo wa stendi.