Triko la Séphora

Lubumbashi, mwezi wa sita

Séphora,

Picha za nguo za zamani unazochagua kwenye mabalo ya mitumba huko Kolwezi zimenifikia. Magauni ni mazuri. Lakini unalalamika kwamba hakuna triko la sufu linalokuenea, kwamba mikono yote inakuishia juu ya kifundo cha mkono. Nimesoma hayo nikashindwa kula kwa hasira.

Linalokuenea lipo. Mama yako alilifuma hospitalini, akakadiria urefu wa mikono yako kwa kumbukumbu tu. Alinikabidhi mwenyewe: "Iko ya Séphora." Siku ya kugawa nguo zake, baada ya matanga, uliniuliza: "Tantine, mama hakuniachia hata kitu?" Nikakujibu mbele ya ukoo mzima: "Kuzika ulichelewa, kugawana umewahi! Hakuna kitu yako hapa." Watu wakacheka. Ulikuwa unatoka Kasomeno, na mvua ilikuwa imekata barabara. Nilijua.

Nililitaka kwa binti yangu Claudine. Alipolivaa, mikono ikamfunika vidole, akalivua. Miaka kumi na minne limefungiwa sandukuni, nguo isiyomfaa mtu yeyote wa nyumba yangu! Tumekuibia bure. Na wajomba zako walioniona nikilipokea walinyamaza; hao nao siwasamehe.

Dereva aliyekuletea barua hii analo. Daktari hanidanganyi tena, kwa hiyo usipoteze siku kuniandikia kwamba umenisamehe. Livae, uje unitukane ningali nasikia.

Tantine wako,
Honorine