Mwiko wa Jua

Kindu, Komini ya Alunguli,
Tarehe 3 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Okito,

Assalam aleikum. Kabla ya neno lolote nataka kujua hali yako, hali ya wifi Odette na ya watoto. Goti lako linasemaje siku hizi? Odette aliniambia umenenepa mpaka unaingia chini ya gari kwa shida pale gereji. Kama ni kweli, basi goti lina haki ya kulalamika.

Sisi huku miili haijambo. Mume wangu Kitenge bado anapakia watu kwa pikipiki. Asubuhi anavuka mto kwenda Kasuku, jioni anarudi na vumbi la mji mzima. Mvua zimeanza, karanga nyuma ya nyumba zimeota vizuri. Mama yuko, lakini habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya hapa ni ya mama, na unajua anavyoisikiliza: uani, sauti juu, majirani wote wanapata sehemu yao. Barua hii atakuletea Mike, yule anayeuza mafuta ya mawese, kwa kuwa anashuka Lubumbashi.

Ulipopiga mara ya mwisho ulimwambia mama amshikie mdogo wetu Mounira miko yote ya ugonjwa wa malale, asimtoe nje. Ulisema kwa mapenzi, wala sikulaumu. Ila soma kwanza mpaka mwisho kabla hujapiga tena.

Ugonjwa wa mdogo wetu uliusikia kwa vipande tu. Ulimwanza mwaka jana kule Kibombo kwa mumewe. Mchana alisinzia na mwiko mkononi, sufuria ikiungua mbele yake. Usiku alizunguka nyumba akiwatukana wakwe. Wakasema ni mashetani. Akasomewa, akafukizwa, mwisho wakaturudishia kama chombo kilichopasuka. Walipopita wapimaji wa malale wakamshika shingo, wakamtoa damu, kisha maji ya mgongo, wakakuta wadudu wameshafika kichwani.

Hapa Kindu wakamlaza pamoja na wagonjwa wa utafiti. Dawa yao ni vidonge, unakula kwanza ndipo unameza, halafu wanakufuatilia muda mrefu wajue kama umepona kweli. Mama hakutaka hata kusikia. Alimkabili daktari wao, dokta Emerance, mwanamke mwembamba mzaliwa wa huku huku Maniema, akamwuliza: "Munataka kumujaribia mutoto wangu dawa? Na nani analipa hii yote?"

Dokta hakukasirika. Alisema: "Mama, hii dawa hakuna mufanyabiashara angeitafuta, juu wagonjwa wake ni masikini. Ni makuta, feza ya serikali, ya kwetu na ya inchi zingine. Ni kodi ya watu."

"Watu hawatujue, na wanatulipia?"

"Njo hivyo, mama."

Mama akampisha. Mounira mwenyewe, siku moja kichwa chake kilipotulia, alisema anakubali, akaweka alama ya kidole kwenye karatasi yao.

Kaka, nilimwona dada yetu akirudi. Nilikuwa nimezoea kulisha mtu asiyenijua. Asubuhi moja aliniita kwa jina, akaonja samaki niliyempelekea, akanigombeza kwamba hana chumvi. Nilitoka nje nikalia mpaka walinzi wakadhani nimefiwa.

Sasa nifike kwenye miko, na siwezi kuifikia bila kupita kwa baba.

Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda Lubumbashi. Mwaka ule wa elfu mbili, vita imefunga njia, wapimaji hawaji tena, baba alipata malale, pale Kibombo tulikokuwa tukikaa. Dawa ilikuwa sindano za sumu, zikichoma mishipa kama pilipili. Wagonjwa wawili waliolala chumba kimoja naye waliuawa na dawa yenyewe, si ugonjwa. Baba alipona. Waganga wa hospitali wakamrudisha nyumbani na miko ya nusu mwaka: asilime, asile cha moto, asilale na mkewe, na zaidi ya yote jua lisimguse, maana jua lingeiamsha ile sumu mwilini. Mama aliishika miko ile kuliko swala.

Wenye bunduki waliingia mchana, jua la utosini. Kutoka nyumbani mpaka msituni ilikuwa mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, hakuna kivuli hata cha kuku. Mama alitukimbiza sisi, Mounira mgongoni. Baba alibaki ndani, dirisha limefungwa. Tuliporudi nyumba ilikuwa majivu, naye alikuwa humo.

Tangu siku ile tumesema baba alikataa mwenyewe kutoka. Aliogopa jua kuliko bunduki, ndivyo mama alivyotuambia, ndivyo na wewe ulivyowaambia watoto wako.

Basi siku ya kumtoa Mounira hospitali, mama aliuliza habari ya miko. Alikuwa ameshamtayarishia chumba cha ndani. Dokta Emerance akacheka kidogo: "Hakuna miko, mama. Alime, ale, atembee, arudi kwa bwana yake."

Mama akauliza tena, sauti chini: "Na ile ya zamani? Ya sindano?"

Dokta hakujua anaongea na nani. Akajibu kama mtu anayefundisha: "Ile ni sisi waganga njo tuliisema. Dawa ilikuwa inaua watu, tuliogopa, kila mutu akaongeza yake. Wenye utafiti walitafuta musingi yake, hawakuupata. Ile ya jua, mama, ilikuwa woga tu."

Nilitamani kumziba mdomo. Mama alishukuru, akafunga kilemba chake vizuri, tukaondoka.

Alipofika nyumbani akamfungia Mounira chumba cha ndani. Akatundika blanketi dirishani. Chakula alikipoza mpaka kikaganda ndipo akampa. Mwanzoni nilisema moyoni, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mounira alilia gizani kwamba yeye ni mzima, kwa nini afungwe? Nilipojaribu kusema, mama aliniambia nitoke mbele yake. Ndipo ukapiga simu wewe, ukasema mshikie miko, na mama akafurahi mpaka akaimba akichambua majani ya sombe. Furaha ile ndiyo iliyonifumbua macho. Kama Mounira atatembea juani na kubaki mzima, basi baba alikufa bure. Mama alikuwa akimficha Mounira ili neno la daktari lisiwe kweli.

Wiki iliyopita Mounira alichoka. Adhuhuri alifungua mlango mwenyewe, akachukua jembe, akaenda kupalilia karanga, kichwa wazi. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nilikimbia nikijua atapiga kelele, lakini alibaki amekaa. Alimtazama mwanawe akipalilia mstari baada ya mstari, jasho likimtiririka mgongoni, na jua halikumfanya lolote.

Ndipo mama akasema, bila kunitazama: "Baba yenu alikuwaka ameisha kuvaa viatu. Alikuwa anafunga kamba. Njo miye nilimuvua. Nilimwambia, ukae, jua itakuua, hawa watu wanataka mbuzi tu. Akanisikia."

Kaka, sitakuficha, kwanza nilikasirika. Miaka yote hii tumembebesha baba woga ambao haukuwa wake. Kisha nikamwona mama alivyokuwa mdogo pale mlangoni, hasira ikaniisha, ikabaki huzuni ambayo bado sijui niiweke wapi.

Tangu siku ile Mounira yuko huru, anatoka na kuingia apendavyo. Blanketi mama alilitoa mwenyewe. Lakini mama hali chakula vizuri, na usiku namsikia akigeuka geuka. Ningependa kuwashukuru wale watu wa utafiti, na wale walipa kodi wasiotujua, kwa moyo mmoja. Wamenirudishia dada yangu. Ila walichelewa, na ukweli waliotuletea umemkuta mama mzee, hana tena pa kukimbilia. Moyo wangu umegawanyika, Mungu anisamehe.

Mounira bado atarudi kupimwa maji ya mgongo, mara kadhaa, mpaka waridhike. Mumewe Jérémie alikuja kumwona na kuku wawili na aibu nyingi. Amesema akimaliza vipimo atamchukua, na wakwe hawatamgusa kwa maneno. Tutaona.

Nisalimie sana Odette, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na nimependeza. Nisalimie Jules na Francine, wasome kwa bidii. Kitenge anakusalimu, anasema bado unamdai mechi ya karata. Mounira anakubusu mikono.

Mama ameniona nikiandika. Hakunituma salamu, amenituma swali, nami nakuandikia kama alivyolisema: "Umuulize Okito, mutoto wangu wa kwanza: kama yeye njo angekuwa pale, angemuacha baba yake atembee?"

Simu ikilia anaikimbilia kabla yangu, akidhani ni wewe. Nakuomba usimjibu kwa simu, mbele ya majirani. Njoo, hata kwa siku chache, umjibu ana kwa ana. Ukiniuliza mimi, ungemvua viatu wewe pia. Yeyote aliyempenda baba siku ile angemvua viatu.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na akupe ulimi wa kumwambia hivyo.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Rachida