Radhi ya Baba, Harusini Moa

Mama mpendwa, shikamoo, na salamu zangu ziwafikie wote watakaosomewa kadi hii hapo Lushoto.

Jana mimi na mafundi wenzangu tulimaliza kufunga antena mpya kwenye mnara wa simu wa Moa, tukaalikwa harusi ya jirani. Bi harusi hakukubali kutoka kwao kabla ya kusikia radhi ya baba yake, aliyeko kazini Maskati. Wageni walikuwa wakirusha picha kwa simu, na kwa mazoea ya hapa, ambako mtandao ulikuwa ukilemewa watu wakiwa wengi, shangazi yake akapaza sauti: "Zimeni simu zenu, njia ipatikane!"

"Shangazi, waache," nikamwomba. Nikamweleza kwamba antena hizi ni nyingi, nazo huhudumia watu wengi kwa pamoja bila kuwachanganya, kama wewe ulivyotusikiliza watoto wote mezani ukamjibu kila mmoja.

"Simu ikikatika, utaolewa wewe badala yake!" akanijibu.

Simu ya bi harusi ikaita. "Mwanangu," ikasema sauti ya baba, safi kabisa, "nenda na radhi zangu zote." Binti akalia, akainuka. Shangazi naye akachomoa simu kibindoni, akampigia dada yake huku machozi yakimtoka.

Nami nikaitamani sauti yako, Mama. Mungu akukinge na baridi ya huko.

Mwanao akupendaye,
Neema