Viazi vya Asali kwa Mama Yako

Mke wangu Mwanne,

Huko uliko najua unanicheka. Mama yako yuko hapa kwetu Gongoni, chumbani, mlango umerudishiwa, na mimi nimejibanza jikoni kama mwizi wa kuku. Amekuja kutoka Sikonge kumchukua Tatu wetu akamlee yeye. Hakuzungusha maneno. "Mwambie baba yako, mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake." Unajua mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani usoni, kwa hiyo maneno yanapita kwa mtoto. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia kila neno. Tatu akaja kuniambia yaleyale, neno kwa neno.

Sasa mtu anajitetea vipi kupitia ukuta? Nikasema nitapika.

Unavikumbuka vile viazi vitamu vya Kijapani. Babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo wakarudi na nguo za kaniki. Mimi nilikwenda kambi ya Wajapani waliojenga barabara nikarudi na upishi. Nilikwambia nilikuwa mpishi mkuu. Ukasema, "Mpishi mkuu, mbona vidole vinanuka vitunguu tu?" Wenyewe wanaviita viazi vya chuo kikuu, na kwa darasa langu la tano, hicho ndicho chuo kikuu pekee nilichokipata. Mara ya kwanza ulikataa kabisa. Ulisema kiazi ni cha kukatwa na kuanikwa juani kiwe michembe, siyo cha kurembwa kwa sukari kama bibi harusi. Kisha ukala sahani nzima, ukaniachia ufuta. Tangu hapo tulipika pamoja, mimi nikikata vipande vya mshazari, wewe ukisimamia sukari, maana ulisema mimi naongea mno na sukari haisubiri hadithi.

Leo sikutumia hata sukari. Mama yako alikuja na dumu la asali, akamtuma Tatu: "Apikie hii." Ulinikataza mara ngapi? Asali haigandi vizuri, na moto ukizidi inakuwa chungu. Lakini zawadi ya mama mkwe utaiweka kando naye yumo ndani? Nikaimimina. Viazi nilivikausha kwa kitambaa, nikavikaanga vikaiva vizuri, ila asali ilipanda povu ikawa nyeusi huku naitazama. Mkono huu uliolisha mataifa ukachelewa kuipua. Nikavichovya hivyohivyo, nikanyunyiza ufuta, Tatu akabeba sahani.

Nikabandika sikio ukutani.

"Haya mapishi kafundishwa na nani?"

"Na Wajapani, bibi. Alikuwa anapika na mama."

"Vimeungua."

"Ndiyo. Lakini siku nyingine haviungui."

Nikamsikia anatafuna. Akachukua kingine.

"Na hizi nywele, nani kakusuka?"

"Baba."

"Nilijua. Mistari imepinda kama njia ya ng'ombe. Lete kitana, kaa hapa."

Mwanne, hapo nikajua anamchukua. Kwenu msichana husukwa kabla ya safari. Hata wewe, siku niliyokuja kukuchukua, ulikuwa umesukwa upya, shingo inang'aa mafuta. Nikakaa juu ya ndoo nikaanza kutafuta maneno ya kumuaga mwanangu. Sikupata hata moja, mimi ambaye mtaa mzima unanilipia chai ili ninyamaze. Tatu akalia kidogo. Sikujua ni kitana au ni Sikonge.

Ndipo mama yako akapaza sauti, na safari hii hakupitia kwa mtoto.

"Baba Tatu."

"Naam, mama."

"Jumatatu mtoto anakwenda shule yake hapo, na hatakwenda na kichwa kama ulichokisuka wewe. Nitakuwa nakuja kusuka mwenyewe. Kupika endelea. Nywele usiziguse."

Nilitaka kujibu kwa mzaha wowote. Nikasema tu, "Asante, mama."

Bado wanasuka. Mama yako anamsimulia ulivyokuwa mkorofi wa kusukwa, ulivyokuwa unatorokea kwenye mizinga ya nyuki ya babu yako na kichwa kimesukwa nusu. Hayo hukuwahi kuniambia. Nimesimama hapahapa ukutani nakusikiliza ukiwa mtoto, na sitaki wamalize.

Pumzika, mama Tatu. Mtoto yupo nyumbani.

Ni mimi mumeo,
Baba Tatu