Kwa Baba Gamaliel, Uliyetuambia Tungoje Barua

Mwaka umetimia, Baba Gamaliel, tangu tulipokulaza katika makaburi ya misheni hapa Kamina, mvua ya kwanza ikitunyeshea. Tulidhani leo tungekuandikia tukiwa tumetulia. Hatujatulia. Tumechoka, tuna hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo sikiliza.

Ulikuwa mtu mwema. Uliosha panga kwa sabuni kabla ya kukata kila shina la muhogo, ili ugonjwa wa moja usifike kwa jingine. Kila Jumatatu uliandika ripoti kwenda makao makuu ya utafiti, ng'ambo, hata miaka ile ambayo hakuna aliyejibu. Mwavuli wako ulikuwa wa mtaa mzima. Kanisani uliimba ukitangulia wenzako mstari mzima, wala hukuona haya.

Miaka kumi na minne ulitumikia kituo cha majaribio ya muhogo, na katika miaka hiyo wakubwa walikifanyia mageuzi mara tatu. Kila mageuzi yalileta jina jipya, baraza jipya la uongozi na kashe mpya, muhuri wa kugongea barua. Zote tatu bado zimo kwenye droo yako. Mara ya mwisho walifunga kituo kabisa, eti kinangojea muundo mpya wa uongozi. Wafadhili, serikali na watafiti wa ng'ambo walikuwa hawajaelewana nani ateue kamati ya kuruhusu mbegu itoke. Lakini mbegu ya muhogo haikai ghalani kama mahindi. Kijiti kisipopandwa mapema kinakauka. Basi ukafunga vijiti vya aina zote kumi na tisa kwenye baiskeli, ukavipanda nyuma ya jiko letu, kila aina na kibati chake chenye namba.

Namba kumi na nne ndiyo iliyotutesa. Wadudu weupe walipomaliza mihogo ya Kamina, hata sombe, mboga ya majani yake, ikakosekana sokoni, yenyewe ilisimama na majani yake. Mama Bolingo, jirani yetu, mke wa sajini wa Base, kambi ya jeshi, alikuwa amepanda mara mbili na kupoteza mara mbili. Alikuja kuomba vijiti vitano. Ukamwambia, kwa adabu yako yote, kwamba bila ruhusa ya kamati mbegu haitoki. Alikuwa na watoto sita, nawe ulijua. Mkeo Ndaya hakusema nawe siku mbili.

Na bado, ulipolazwa hospitalini, ulimshika mkono ukamwambia, "Mama Ndaya, usipatiye muntu hata kijiti kimoja. Barua itakuya." Akaahidi. Angekataaje pale kitandani?

Alishika ahadi. Alipalilia, akapanda upya, akawarudisha watu mlangoni mikono mitupu, na kila aliyerudi alimwachia donda. Mwezi wa sita ikaja gari na wajumbe watatu wa mageuzi. Walikaa sebuleni, chini ya picha yako, wakauliza uko wapi. Walipoambiwa wakatoa pole, kisha wakamweleza Ndaya kwamba uongozi sasa umekuwa mzuri, mkulima naye atapewa kiti barazani. Akauliza ni mkulima gani. Alikuwa hajachaguliwa. Akauliza ruhusa ya mbegu itatoka lini. Mkutano ulikuwa umeahirishwa hadi mwaka ujao, mwezi wa tatu.

"Mihogo haiyuwe réunion, citoyen," aliwaambia. "Mvua ikifika, njo wakati ya kupanda."

Waliandika maneno hayo kwenye daftari, wakamshukuru kwa mchango wake, wakaondoka.

Mwezi uliopita barua ikafika, Baba. Ilikuwa na kashe ya nne, ya jina jipya tena. Ndaya aliifungua amesimama, maana alidhani ruhusa imekuja na amefunguliwa ahadi yake. Kumbe ilikuwa imeandikwa kwako wewe. Walikupongeza kwa uvumilivu wako, wakakuomba ujaze fomu utoe maoni juu ya mageuzi.

Alilia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Halafu akaosha panga kwa sabuni, akamwita Mama Bolingo, akaanza kukata namba kumi na nne.

"Na barua?" Mama Bolingo aliuliza.

"Ilifika. Iko inauliza Gamaliel mawazo yake."

Mama Bolingo hakucheka. Mwanamke huyu uliyemnyima ndiye aliyepika siku zote za matanga yako. Alipokea vijiti kwa mikono miwili, akaenda kupanda.

Basi ahadi imevunjwa, na tumeona uambiwe na sisi wenyewe kabla ya wengine. Ukikasirika, kasirika. Fomu yako tumeijaza: mahali pa maoni Ndaya ameandika majina ya wanawake ishirini na sita waliochukua mbegu, kuanzia Base hadi Luena, na chini yake amegonga kashe zako zote tatu.

Jumamosi tarehe 26 Oktoba 1985, salongo, kazi ya lazima ya umma, ikiisha, tutasali kaburini kwako. Tumewaomba watu wasilete maua, walete magunia. Kila atakayekuja ataondoka na mbegu.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ndaya; watoto wako Marceline, Jéthro na Ève; dada yako Suzanne wa Luena; na Mama Bolingo, ambaye ameomba aandikwe hapa, nasi tumemwandika kama ndugu.

Kila tutakapotwanga sombe tutakutaja kwa jina, maisha yetu yote. Barua ya ruhusa ikifika, tutakuja kukusomea.