Mafiga Yako Sijayagusa

Ifakara,
20 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mngeta, mguu umepunguza kuuma, na kaka Anselim na familia yake hawajambo. Mimi sijambo, ila mvua za huku hazina adabu, na nyumba inavuja palepale unapopajua. Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Lakini wewe ukishika simu unauliza kama tuko salama, kisha unamrudishia Anselim, na haya ya leo nataka ukae nayo. Mjukuu wako Edna atakusomea. Mwambie asikimbize maneno.

Tangu masika yaanze darasa langu limebaki nusu. Wengine wamehamia mashambani na wazazi wao, kama wewe na baba mlivyotuhamisha kila mwaka, chungu kichwani mwako, kuku kwenye tenga, na godoro likimyumbisha baba kwenye baiskeli. Mwezi wa pili nilikuwa nawafundisha habari za watu wa kale walioishi kwa kuwinda na kuokota matunda, nikauliza kwa nini walikuwa wakihamahama. Wakasema walifuata wanyama, matunda yaliisha, maji yalikauka. Ndiyo majibu ya kitabuni. Kisha Jane, mbishi wa darasa, akasema walihama pia wakifiwa, maana nani atalala tena mahali pale. Wenzake wakacheka. Nikamuuliza wakishafiwa walikwenda wapi. Akasema hawakwenda mbali, kwa sababu chakula chao kilikuwa bado palepale.

Nikageukia ubao kana kwamba naandika. Nilikuwa nakuona wewe.

Mama, tangu baba afariki dunguni mwaka juzi akilinda ndege, hujakanyaga shamba letu la Namawala. Ulifungasha ukamfuata Anselim, ukasema kile kibanda cha juu ya nguzo hutaki kukiona tena. Sikukulaumu, hata mimi kilinitia uchungu. Lakini mwezi wa kumi na moja Anselim alinipigia akasema umeamua shamba wapewe watu wengine. Siku ile niliona kwamba likiondoka hilo, hutakuwa na sababu yoyote ya kurudi huku. Nimekukumbuka mno, mama. Nakumbuka hata ugomvi wako na ndege, ulivyokuwa ukiwatukana kwa Kindamba nasi tukijifanya hatusikii. Wali ninaopika hapa mjini hauna harufu ya moshi, na ninaula peke yangu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Shamba hakupewa mtu. Nimelilima mimi. Nilimwomba Anselim anyamaze, naye ameweza, jambo ambalo kwake ni muujiza. Kila Ijumaa nikitoka shule napanda bodaboda hadi Namawala. Mwanzoni nilikuwa nalala kwa jirani yetu, mzee Fridolin, kwa sababu dungu la baba lilinishinda kupanda. Baada ya lile jibu la Jane nikalibomoa. Nililia, nikaendelea kubomoa. Jipya nimelijenga upande wa pili wa shamba, karibu na mkuyu. Mzee Fridolin anasema limeinama kama mlevi anayetoka gulioni, lakini linanibeba. Ukilala humo husikii tena mlio wa zile nguzo za zamani. Unasikia mpunga tu.

Mpunga umeanza kubeba, mama, na ndege wameshauona. Siku za shule hakuna wa kuwafukuza.

Kitu kimoja sijakigusa. Mafiga yako yako palepale yalipokuwa, nyasi zimeyafunika. Kila tulipohamia ni wewe uliyeyapanga, ndipo baba akasema tumefika, nami sikuthubutu kujipa kazi hiyo. Napikia jiko la mkaa. Njoo uyahamishe mwenyewe.

Msalimie Anselim, umshukuru kwa kufunga mdomo. Watoto wabusu wote, na Edna umpe pole ya kusoma.

Ni mimi mwanao, ninayekusubiri upande wa mkuyu,

Dativa